Barua ya wazi kwa madiwani wa Dar es Salaam: tangazo la sigara liko usawa wa macho ya mtoto

Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zote tano za Mkoa wa Dar es Salaam, Wastahiki Mameya, salaam.

Mimi ni mama mwenye duka la rejareja Mbagala. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, vocha, madaftari, na kwa miaka kumi na moja niliuza sigara. Sina cheo wala chama ninachokisemea. Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea jioni moja ya mvua za masika, wateja wakiwa wachache, mwanangu wa chekechea amekaa juu ya gunia la mchele karibu na kaunta.

Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha herufi. Kila alichokiona alikisoma: mfuko wa unga, kopo la maziwa, kalenda ya ukutani. Jioni ile akageukia kabati la sigara lililokuwa kwenye kaunta, lile lenye taa ndani. Akaanza na herufi kubwa ya kwanza, akaivuta hadi ya pili, akakwama, akarudi nyuma, akajaribu tena. Mwisho akalitamka jina lote la sigara, bila kosa, kisha akanitazama akisubiri nimpigie makofi.

Nilimpigia. Ndivyo nilivyozoea kila anaposoma neno jipya. Mikono ilikuwa imeshapiga ndipo akili ikafuata, na usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Nataka kuwaeleza kabati lile lilifikaje dukani kwangu, kwa sababu ninyi mnapopita na magari mnaona duka limepakwa rangi nzuri, mnadhani ni ubunifu wa mwenye duka. Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana wa usambazaji, mstaarabu, shikamoo nyingi, akaniambia duka langu liko mahali pazuri, karibu na kituo cha daladala na njia ya wanafunzi. Alisema atanipakia rangi ukuta wa mbele bure. Ukuta wangu ulikuwa umechakaa, na kopo la rangi ni hela. Nikakubali. Wakaja mafundi wawili, wakamaliza asubuhi moja, na jina la duka langu likaandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la sigara. Wiki iliyofuata likaja kabati. Baadaye mwavuli wa kuweka nje kwa ajili ya mtu wa miamala ya simu. Baadaye stika za mlangoni, na kiberiti cha gesi cha kuning'iniza kwa kamba ili anayenunua sigara moja awashie hapo hapo.

Sikutozwa hata shilingi. Masharti yalikuwa mawili tu. Kabati likae kwenye kaunta, upande wa kulia wa dirisha, lisihamishwe. Na pakiti zipangwe kwa mpangilio aliouacha yeye, aina fulani juu, aina fulani katikati. Kila alipopita alipiga picha kwa simu yake. Picha ikionyesha kila kitu kiko mahali pake, mwisho wa mwezi nilipata pakiti za nyongeza. Ikionyesha nimeweka biskuti mbele ya kabati, sikupata. Kwa hiyo nilijifunza kutoweka biskuti mbele ya kabati. Biskuti na pipi zikaenda pembeni yake, ubavu kwa ubavu, kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki.

Sasa niwaambie kuhusu tofali. Dirisha la duka langu liko juu kidogo na lina nondo. Watoto wanaotumwa na mama zao walikuwa hawafiki, unasikia sauti tu inasema "naomba chumvi ya mia mbili" na humwoni anayesema. Nikaweka tofali chini ya dirisha ili wapande niwaone. Mtoto wa darasa la pili akipanda pale, macho yake yanaangukia mahali pamoja: upande wa kulia wa dirisha, rafu ya katikati ya kabati. Siku moja nilitoka nje nikapanda mwenyewe kwa kupiga magoti juu ya lile tofali, nikatazama ndani. Sikuona unga. Sikuona sukari, iko nyuma na haina taa. Niliona pakiti zinazong'aa, na pembeni yake pipi.

Waheshimiwa, kabati lile halimhusu mvutaji. Hili nawaambia kwa uzoefu wa miaka kumi na moja. Mvutaji anajua anachotaka kabla hajafika dukani. Anaweka hela juu ya kaunta, anataja jina, anachukua, anaondoka. Wengi hata hawatazami. Ningeziweka sigara chini ya mvungu wa kitanda angeniambia tu niinamie. Basi taa ile inawaka kwa ajili ya nani? Inawaka kwa ajili ya asiyevuta bado. Na inawaka kwa ajili ya anayetaka kuacha.

Huyu wa pili namfahamu. Ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapa mtaani. Aliacha sigara baada ya mkewe kujifungua mtoto mwenye shida ya kifua. Wiki tatu hivi sikumwona, nikadhani amehama. Kumbe alikuwa ananunua vitu duka la mbali, nyuma ya msikiti, kwa sababu duka lile halina kabati. Aliniambia kwa upole kabisa: "Mama, mimi nikija kwako kununua sukari naziona, na nikiziona mkono unaenda mfukoni wenyewe." Mwanaume mzima alikuwa anazunguka mtaa mzima kwa miguu kukwepa duka langu.

Baada ya hapo nikafanya kitu kidogo. Kwa wiki moja nilitumia daftari la madeni kuweka alama kila mtoto aliyetumwa sigara. Watoto wa shule ya msingi, wengine na sare. "Baba kasema nipe mbili." "Mjomba anataka moja na kiberiti." Nilianza Jumatatu. Kufika Alhamisi nilikuwa nimeshageuza ukurasa, na nikaacha kuhesabu kwa sababu niliona aibu. Wote hao niliwauzia. Nilikuwa najua sheria inakataza kumuuzia mtu chini ya miaka 18, ilibandikwa hata kwenye kabati lenyewe kwa herufi ndogo. Nilijiambia kwamba si yeye anayevuta, ametumwa tu. Lakini mtoto anayetumwa sigara kila jioni anajua bei za kila aina, anajua ipi ya wenye hela na ipi ya wabeba mizigo, anajua ipi ina ladha ya mnanaa, anajua namna ya kuishika isivunjike. Amebakiza kuwasha.

Sheria ya nchi yetu kuhusu bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Ni mwaka ambao wengi wa vijana wanaonunua sigara mtaani kwetu leo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa mgongoni. Mwaka 2007, tarehe 30 Aprili, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Kifungu cha 13 cha mkataba ule kinataka kila nchi mwanachama ipige marufuku kabisa matangazo yote ya tumbaku ndani ya miaka mitano tangu mkataba uanze kutumika kwake. Kwetu miaka mitano hiyo ilikwisha 2012. Miongozo ya kifungu hicho, ambayo nchi wanachama walikubaliana 2008, inasema wazi kwamba kuzipanga sigara dukani zionekane ni tangazo, hata pasipo bango lolote. Kifungu cha 16 kinazungumzia watoto, na kinazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Haya si mambo ya siri, yamechapishwa na yeyote anaweza kuyasoma. Mimi niliyasoma kwenye simu, dukani, mteja akija naweka simu chini.

Na majirani zetu wametangulia. Kenya ilitunga sheria yake 2007, na kanuni zake za mwaka 2014 zilipopelekwa mahakamani na kampuni ya sigara zikabishaniwa hadi Mahakama ya Juu, nayo ikazithibitisha Novemba 2019. Uganda ilipitisha sheria yake 2015: haruhusiwi kuuziwa aliye chini ya miaka 21, sigara haiuzwi moja moja, na sigara hazipangwi dukani zikaonekana. Huko nako walishtakiwa, na Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri 2019. Mauritius mwaka 2023 imekwenda mbali zaidi, pakiti zote zimevuliwa rangi na nembo, zimebaki sura moja. Pakiti zinazouzwa mtaani kwetu zina onyo la maneno tu, hazina picha. Mwenye duka wa Kampala na mimi tunauza unga uleule wa mahindi kwa watu wa aina ileile, watoto wetu wana mapafu yaleyale.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimeshakisikia kwenye mkutano wa mtaa: haya ni mambo ya Bunge na Wizara, diwani hana mkono hapo. Naomba nibishe kwa heshima. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikishaidhinishwa na waziri mwenye dhamana. Ni kwa uwezo huo mnatuambia tuweke ndoo ya taka mbele ya duka, na mnatutoza ada na ushuru mbalimbali. Leseni yangu ya biashara imetoka halmashauri, haikutoka Dodoma. Afisa afya anayekuja kukagua choo changu na usafi wa duka ni wa halmashauri. Amekuja mara nyingi. Anatazama sakafu, anatazama tarehe za kwisha muda kwenye makopo, anaegemea kabati la sigara akiandika risiti. Hana kosa, hakuna karatasi iliyomwambia alitazame.

Na mkoa huu umeshawahi kuonyesha kwamba unaweza. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku hapa Dar es Salaam kwa tamko la mkoa, na baa zilizokuwa zimepanga mabuli ya shisha mezani zikayaondoa. Machi 1, 2017 viroba vya pombe vilitoka madukani nchi nzima. Nakumbuka vizuri. Viroba vilikuwa vinauzika kuliko soda, mtu anaficha viwili kwenye soksi anaingia kazini, wanafunzi walikuwa wanavinunua kwa sababu bei ilikuwa ya pipi. Tulilalamika sisi wenye maduka, tukasema tutafunga. Hatukufunga. Juni 1, 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki, tukasema tena mteja atabebaje nyanya. Anabeba. Sigara moja ya mia mbili au mia tatu ni ndugu wa kiroba kwa baba na mama: kitu chenye madhara kimekatwa vipande vidogo ili hata asiye na hela akifikie, na asiye na hela kuliko wote ni mtoto.

Mimi nimeshaliondoa kabati langu. Kijana wa usambazaji alipokuja nikamwambia alichukue. Akaniuliza nimepata mkataba na kampuni nyingine? Nikamwambia hapana, ni kwa ajili ya mtoto. Akanyamaza kidogo, akasema yeye pia ana mtoto, kisha akasema bosi wake hataelewa. Pakiti za nyongeza zikakoma mwezi ule ule. Miezi minne iliyofuata nikaendelea kuuza sigara bila kabati, zikiwa kwenye boksi chini ya kaunta, kwa watu wazima tu, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alisikie: wavutaji wangu hawakupungua. Walewale walikuja, wakataja jina, wakachukua. Waliopungua ni vijana wa sekondari waliokuwa wanakuja wawili watatu, wanasimama mbele ya kabati, wanachekana, wananyoosheana kidole, halafu mmoja anajikaza ananunua moja ya kuonja. Pasipo kabati hapakuwa na cha kusimamia. Wakanunua maandazi wakaenda zao.

Baadaye niliacha kuuza kabisa. Huo ni uamuzi wangu, na siuombi kwa mwenzangu yeyote. Kuna mama hapa jirani ana kibanda cha meza moja tu: sigara, pipi, karanga, vocha. Ukimwambia aache sigara umemwambia afunge. Siwaombi mmfungie. Nawaomba mlitoe tangazo.

Naomba baraza la kila halmashauri litunge sheria ndogo inayosema kwamba ndani ya duka, ukutani, mlangoni, kwenye mwavuli na kwenye meza ya kibanda pasiwe na tangazo la tumbaku la aina yoyote, na kwamba sigara zikae mahali zisipoonekana na mteja hadi aziombe. Kwenye maduka na vibanda vinavyopakana na shule zisiuzwe kabisa. Umbali mpange ninyi na walimu wakuu, maana ninyi ndio mnaojua shule zetu zilivyobanana na nyumba. Kuna shule hapa ambayo ukuta wake na ukuta wa kibanda ni ukuta mmoja. Sigara moja moja nazo zizuiwe. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, najua, kwa sababu wateja wengi wa huku hawana hela ya pakiti, na mwenye kibanda faida yake yote iko kwenye moja moja. Ndiyo maana nalitaja. Tukiliacha kwa sababu ni gumu, tutakuwa tumeficha pakiti huku mtoto anapewa sigara mkononi.

Naomba pia mlifunge jambo hili kwenye leseni. Anayetaka kuuza tumbaku aombe kibali chake mbali na leseni ya duka, ajulikane yuko wapi, aandikwe. Leo hakuna anayeweza kuniambia mtaani kwangu kuna sehemu ngapi zinazouza sigara, kwa sababu kila meza ni sehemu.

Kuna hofu moja ninayo, na kama msipoisikia, barua yangu hii itakuwa imewaumiza watu ninaowapenda. Sitaki sheria hii iwe kisingizio kipya cha mgambo kubeba meza ya mama wa karanga na kumwaga bidhaa zake barabarani. Tumeshayaona ya kutosha. Mwenye kibanda hakuchapisha ile stika na hakununua ile taa. Vimeletwa. Basi faini ya kwanza, na iwe kubwa, imwangukie aliyeleta: msambazaji na kampuni iliyomtuma, na agharamie kuviondoa na kuupaka ukuta rangi upya. Mwenye duka apewe muda, tuseme miezi sita, na afisa afya aje kumweleza kwa maneno kabla hajaja na kitabu cha faini. Mimi niko tayari kuzunguka naye mtaani kwetu bila malipo. Wenye maduka wananijua, na wengi wakiambiwa na mwenzao wataelewa kuliko wakiambiwa na mtu mwenye gari la halmashauri.

Watakuja watu kuwaambia kwamba mnawaua wakulima wa tumbaku. Hoja hii inanigusa, kwa sababu upande wa mama yangu ni watu wa Urambo, na ada yangu ya shule ililipwa na tumbaku. Naijua kazi ile. Najua moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, kuni zinazokatwa misituni mwaka hadi mwaka, mikono ya mjomba iliyokuwa nyeusi kwa utomvu msimu mzima. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tumbaku Afrika na sehemu kubwa ya zao hilo inauzwa nje. Bei ya mkulima wa Urambo haipangwi na kabati la Mbagala. Mjomba wangu hajawahi kulipwa zaidi kwa sababu mtoto wa darasa la pili ameona pakiti inang'aa. Anayetaka kumtetea mkulima amtetee kwenye bei ya kilo, kwenye mikopo ya mbolea na kwenye madaraja ya tumbaku sokoni, asimsimamishe mbele ya duka kama ngao.

Watakuja wengine na misaada: madawati, vikombe vya mashindano ya mpira wa kata, labda kisima. Mkataba ule ule niliousema una kifungu cha 5.3, kinachozitaka serikali zilinde sera zao za afya zisiingiliwe na maslahi ya biashara ya tumbaku. Nawaomba jambo dogo tu hapo. Kila kikao ambacho diwani au mtumishi wa halmashauri atakutana na watu wa kampuni za sigara kuhusu sheria hii, kiandikwe na kitangazwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, ili sisi wananchi tusome nani alikutana na nani na walizungumza nini.

Na wapo watakaosema kwamba wavutaji nchini kwetu ni wachache, tatizo si kubwa. Ni kweli tuko chini ya nchi nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha watu wazima wanaotumia tumbaku Tanzania ni asilimia 8.7, yaani watu wapatao milioni 2.6. Mimi nikiisoma namba hiyo nikiwa na akili ya kibiashara, naona kitu kingine. Naona soko ambalo halijajaa. Asilimia zaidi ya 90 hawajanunua bado, na nusu ya nchi ni watoto. Kama ningekuwa na bidhaa na ninaona mji wenye mamilioni ya watu ambao bado hawajaionja, ningepeleka makabati mangapi? Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Kila mteja anayekufa nafasi yake inatafutiwa mtu, na mtu huyo hatafutwi kwenye kijiwe cha wazee wanaocheza bao. Uchache wetu ndiyo sababu ya kufanya haraka, maana nchi zilizosubiri hadi wavutaji wakajaa zinatumia fedha nyingi kutibu kuliko tunazoweza kuzipata sisi. England ilianza kuzifunika sigara kwenye maduka makubwa 2012, madogo yakafuata 2015, baada ya vizazi kadhaa kuzikwa. Sisi tunaweza kuanza kabla ya mazishi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, nakala ya barua hii inakuja kwako pia. Sheria ya 2003 inahitaji kubadilishwa ili iendane na mkataba tulioridhia, na hilo ni lako na Bunge. Madiwani wasingoje, na wewe usiwangoje madiwani.

Mahali palipokuwa na kabati sasa nimeweka madaftari, penseli na vichongeo. Tofali liko palepale. Ukuta wa mbele nimeupaka mwenyewe rangi nyeupe, mara mbili, lakini mvua ikinyesha na ukuta ukilowa, yale maandishi mekundu ya zamani bado yanajitokeza chini ya nyeupe, na mwanangu bado anayasoma. Fundi ameniambia inatakiwa kupakwa mara tatu zaidi, na kwa rangi ya mafuta. Nadunduliza.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa wananchi. Mkutano ujao wa halmashauri yetu nitafunga duka asubuhi hiyo na kuja kukaa kwenye viti vya nyuma, na daftari lile la madeni nitakuwa nalo mkononi. Diwani atakayetaka kuliona ukurasa kwa ukurasa anikaribie.

Wenu mtiifu,
Mama mwenye duka, Mbagala